Mbegu za mgagani hazijafa, wifi

Harusi ya Moshi imepita salama, lakini neno la wifi bado linanizunguka kichwani. "Mbegu zako zimekufa, wifi. Ungeniambia tu huna." Mbele ya mama mkwe, sahani ya pilau mkononi. Ungeniambia tu huna!

Zile mbegu nilizompa ni za mgagani, mboga ya majani ya kienyeji, wa ukoo wake mwenyewe, ule wenye mashina ya zambarau ambao mama mkwe ameutunza miaka yote. Bahasha iliandikwa wazi: zimevunwa Mei, zisipandwe kabla ya Septemba. Wifi kazimwaga shambani mwishoni mwa Juni, kwenye baridi ya Arusha.

Mbegu mpya ya mgagani huwa imelala. Inahitaji miezi mitatu hadi sita ndani ya chupa kavu ndipo iamke. Tena inapenda joto, nyuzi 30 hivi, na haitaki mwanga, kwa hiyo ukiimwaga juu ya udongo bila kuifunika, umeipoteza. Kufunika nako kuna kipimo, sentimita moja basi. Ikizama zaidi haina nguvu ya kutoka.

Tuta la kuanzia lisizidi upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Debe la samadi iliyooza linatosha mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sehemu moja kwa kumi, uzitiririshe kwenye mistari iliyoachana sentimita 30. Usioteshe kitaluni uje kuhamisha. Mzizi wake mkuu haupendi kuguswa. Punguza miche ibaki sentimita 15 kati yake, ile unayong'oa ipike.

Na hapa ndipo wengi tunaharibu urithi: tunakula mimea mizuri, mbegu tunachukua kwenye ile iliyowahi kuchanua. Mwaka baada ya mwaka unapata mgagani unaotoa maua ukiwa na majani manne! Funga kitambaa cha alama kwenye mimea mitano au sita yenye majani mengi na inayochelewa kuchanua, usiichume kabisa. Maganda yakigeuka manjano kata, kabla hayajapasuka, uyaanike kivulini juu ya shuka.

Mnavu, mboga nyingine ya kienyeji, una njia yake ya kutunza mbegu. Kamua matunda yaliyoiva, loweka siku moja au mbili mpaka utelezi uachie, osha, kausha kivulini. Kunde ziwekwe na jivu, bila hivyo wadudu watazitoboa zote.

Juzi nilihesabu mbegu 20 kutoka chupa ya mwaka jana, nikazikunja kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo jeusi karibu na jiko. Leo nimekunjua: 17 zimetoa vimizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Nimefurahi mno! Ile hasira imeyeyuka. Nimemfungia wifi kijiko kimoja cha chupa hiyo hiyo, na mama mkwe amesema atakwenda kusimamia upandaji mwenyewe.