Kujiandaa kwa Hatua ya Tatu ya USMLE Nikiwa Lamu

Mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari nchini Marekani, yaani hatua ya tatu ya USMLE, ni mtihani wa mtu aliyekwisha kuwa daktari. Anayeufanya amefaulu hatua mbili za mwanzo, ana shahada yake mkononi, na ikiwa alisomea nje ya Marekani kama nilivyosomea mimi, vyeti vyake vimekwisha kuhakikiwa na ECFMG, shirika la Marekani linalowahakiki madaktari waliosomea nje. Ndiyo maana ami yangu, aliponikuta na vitabu barazani hapa Langoni baada ya sala ya Isha, aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Mwanangu, si ushahitimu wewe? Wagonjwa wawatibu kila siku. Mtihani gani tena?" Nilimjibu kwamba Wamarekani wanataka kuthibitisha kama naweza kuachiwa mgonjwa peke yangu, bila daktari mkubwa wa kunisimamia. Aliliona hilo kuwa jambo la haki, akaniombea dua, akaenda zake.

Mtihani huchukua siku mbili, ambazo si lazima zifuatane. Siku ya kwanza ni ya takriban saa 7 na ina maswali 232 ya kuchagua jibu. Siku ya pili ni ya saa 9, ina maswali 180, kisha wagonjwa 13 wa kuigizwa kwenye kompyuta. Alama ya kufaulu ni 200 tangu mwanzoni mwa 2024. Tofauti na hatua zilizotangulia, huu hufanyiwa Marekani tu, kwa hiyo anayetoka kisiwani hapa anapaswa kuwa tayari kabisa kabla hajapanda boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Wengi huuacha hadi wawe wameanza mafunzo ya ubingwa huko. Mimi nimechagua kuutanguliza kwa sababu bila huo daktari wa kigeni hapewi viza ya kazi ya H-1B kwa ajili ya mafunzo hayo, na viza ya J-1, ile ya wageni wa mabadilishano, ambayo haiudai mtihani huu, kwa kawaida humtaka mtu arudi kwao kwa miaka 2 amalizapo. Nia yangu ni kurudi, lakini ningependa nirudi kwa hiari yangu.

Siku ya kwanza imejaa takwimu za tiba, na hapo ndipo madaktari wengi tuliozoea wodi hukwama. Nimeona njia bora ni kuacha kukariri kanuni na badala yake kuchora jedwali la watu 1,000 kila mara. Tuchukue kipimo kinachowagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinachowaondolea shaka wazima 90 katika kila 100. Mahali ambapo ugonjwa umempata mtu 1 katika kila 100, watu 1,000 watakuwa na wagonjwa 10, na kipimo kitawaonyesha 9. Lakini miongoni mwa wazima 990, kitawasingizia 99. Jumla ya walioambiwa wanaumwa ni 108, na wanaoumwa kweli ni 9, yaani asilimia 8 hivi. Chukua kipimo hicho hicho ukitumie mahali ambapo watu 30 katika kila 100 wanaumwa: wagonjwa 270 watagunduliwa kati ya 300, wazima 70 watasingiziwa kati ya 700, na sasa aliyeambiwa anaumwa anaumwa kweli kwa asilimia 79. Kipimo hakikubadilika hata kidogo; waliobadilika ni watu waliopimwa. Tangu nilielewe jambo hili kwa kulichora, hata majibu ya maabara ya hapa nayasoma kwa makini zaidi, hasa msimu ambao homa si nyingi na jibu moja la malaria huweza kumfanya daktari asitafute chanzo kingine.

Yapo pia mambo madogo yanayokula dakika. Sisi sukari ya damu tunaisoma kwa milimoli kwa lita, na wao huisoma kwa miligramu kwa desilita, kwa hiyo 11 yetu ni karibu 200 yao, maana unazidisha kwa 18. Kreatinini, kipimo cha figo, ikiwa 88 kwa vipimo vyetu ni 1 kwao. Joto la nyuzi 38 ni 100.4 kwa Farenhaiti. Dawa nazo zimebadilishwa majina: parasetamoli kwao ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini. Jedwali la viwango vya kawaida hutolewa kwenye skrini, lakini mtu anayelifungua kwa kila swali hatamaliza fungu lake la maswali kwa wakati. Kwa hiyo nimejizoeza kubadilisha kichwani nikiwa kazini, kimya kimya, kila ninapoandika jibu la mgonjwa katika faili.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni wale wagonjwa wa kompyuta, na nasikitika kuona jinsi wengi wanavyoiweka mwisho. Unapewa maelezo mafupi ya mgonjwa na mahali alipo, labda idara ya dharura, kisha kila kitu ni juu yako. Hakuna orodha ya kuchagua. Unaandika mwenyewe vipimo na dawa unavyotaka, na wewe ndiwe unayeisogeza mbele saa ya mgonjwa. Kila mmoja ana dakika zisizozidi 10 au 20 za saa ya ukutani, ingawa kwake huenda zikapita siku nyingi. Zinapobaki dakika 2, unaweza kuongeza au kufuta maagizo, lakini matokeo hutayaona tena. Anayesahihisha haangalii tu kama ulifanya linalofaa. Anaangalia pia ulilifanya lini, ulitanguliza nini, na kama ulimtia mgonjwa katika hatari isiyo na sababu.

Chukua kijana wa kisukari aliyeletwa akipumua kwa kasi, anatapika, na amechanganyikiwa. Maji ya chumvi ya mshipani yanaanza mara moja, pamoja na vipimo vya sukari, ketoni, gesi za damu na potasiamu. Insulini ni ya lazima, lakini potasiamu ikiwa chini sana insulini husubiri kwanza, kwa sababu huisukuma potasiamu ndani ya chembe za mwili na moyo unaweza kusimama. Kisha unamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, unasogeza saa kidogo, unarudia vipimo, na sukari inaposhuka unaongeza glukosi kwenye dripu huku insulini ikiendelea. Na bado hujamaliza, kwani lazima utafute kilichomfikisha hapo: maambukizi, au insulini iliyokatika. Anayeandika haya yote sawasawa lakini akaisogeza saa kwa siku nzima kabla ya kurudia potasiamu amemwacha mgonjwa wake bila mwangalizi.

Daktari aliyefanya kazi visiwani huja na mazoea mawili, na moja ni la kuthaminiwa. Ameshazoea kumchunguza mgonjwa kwa mikono, macho na masikio, na kuamua mapema nani hawezi kungoja, kwa kuwa mgonjwa wa Faza au Kizingitini hupitia baharini kabla ya kumfikia. La pili linamponza mbele ya kompyuta. Vipimo vingine vikubwa huku humlazimu mtu kuvuka hadi Mokowe na kuendelea kwa barabara mpaka Malindi au Mombasa, na kwa hiyo mkono wetu ni mzito kuviagiza, wakati mtihani unatarajia picha ya kichwa iagizwe katika dakika za mwanzo kwa mtu aliyepooza upande mmoja ghafla. Nimelazimika kujifunza kuandika agizo hilo bila kwanza kufikiria boti, nauli na nani atamsindikiza.

Kilichonigusa zaidi katika maandalizi haya ni uzito unaowekwa kwenye kinga. Mgonjwa wa kompyuta akiisha kutulia, unatarajiwa kumshauri aache sigara, kumpa chanjo anazostahili, na kuangalia kama umri wake umefikia uchunguzi fulani: saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 45, ya matiti kuanzia 40, ya mlango wa kizazi kuanzia 21. Mwanzoni niliyakariri kwa ajili ya alama. Sasa mama anayekuja kwangu kwa shinikizo la damu namuuliza, kabla hajainuka kitini, kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi, na wengi hujibu, "Hapana, daktari, sijapata kuulizwa." Namweleza palepale uchunguzi wenyewe ulivyo, namwandikia, na namwelekeza kwa muuguzi wa kike ili asione haya. Usiku narudi kwa wale 13, nikiwa na saa mezani na karatasi ya potasiamu pembeni.