Gemu za Konsoli Zije Kwenye Kompyuta, Tena Zije Nzima

Kompyuta nyingi za nyumbani Nairobi hazikununuliwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizostaafu ofisini ng'ambo, zikaletwa hapa na kuuzwa Luthuli na Moi Avenue kwa jina la "ex-UK". Mchana mtoto anaandikia kazi ya chuo, jioni mzazi anafanyia ushuru kwenye iTax. Mashine imeshalipiwa na iko mezani. Kumwambia mwenye nyumba hiyo anunue PS5 (PlayStation 5, konsoli ya Sony) ili acheze God of War ni kumwambia anunue kompyuta ya pili, kwa sababu ndani PS5 ni kompyuta.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gemu za konsoli zije kwenye kompyuta, zote. Lakini zije nzima, zikiwa zimejaribiwa kwenye mashine ambazo watu wanazo, na zisifungwe kwa akaunti ambayo nchi yetu haimo.

Zamani hoja ya "haiwezekani" ilikuwa na msingi. PS3 ya 2006 ilitumia prosesa ya Cell, yenye kiini kikuu kimoja na vidogo saba vilivyowashwa, kila kidogo na kumbukumbu yake ya KB 256. Kumbukumbu ya mashine yote ilikuwa MB 512, nusu ya prosesa na nusu ya picha. Mtu aliyeandika gemu kwa kufuata mpangilio huo alikuwa ameishonea mwili mmoja tu. PS4 ilipotoka 2013, Sony ilihamia AMD ya x86 yenye viini 8, inayosoma maagizo ya aina ileile inayosomwa na Core i5 yako. PS5 ya 2020 ina viini 8 vya Zen 2 na picha za RDNA 2, zote za AMD, na Xbox Series X iko kwenye ukoo huohuo. Tangu 2013, basi, gemu ikibaki kwenye konsoli peke yake, kuna mtu ameamua ibaki.

Na sababu ya kuamua hivyo inaeleweka. Konsoli mara nyingi huuzwa kwa faida nyembamba au hata hasara, kisha pesa hurudi kupitia duka la ndani, ambako mwenye duka hukata karibu asilimia 30 ya kila gemu ya mwenzake, na kupitia ada ya kucheza mtandaoni. Gemu ya Sony ikienda Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Sony ndiyo inayokatwa: asilimia 30, inayoshuka hadi 25 mauzo yakipita dola milioni 10, na 20 yakipita milioni 50. Bado Horizon Zero Dawn ililetwa kompyuta Agosti 2020, God of War ikafuata Januari 2022, Spider-Man Remastered Agosti mwaka huohuo. Ni gemu zilizokuwa zimeshauzwa kwa miaka kwenye konsoli, zikapata wanunuzi wapya ambao wasingenunua konsoli hata kidogo. Kinachoumiza ni zile zinazoachwa. Red Dead Redemption ya 2010 imefika kompyuta Oktoba 2024, miaka 14 baadaye. Bloodborne ya 2015 bado iko PS4 peke yake, kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde.

Sasa tuseme ya vitendo. Masharti ya chini ya God of War ni prosesa ya Core i5-2500K, RAM ya GB 8, kadi ya GTX 960 yenye GB 4 na nafasi ya GB 70. OptiPlex 9020 yenye i5 ya kizazi cha 4 inapita kwenye prosesa. Inachokosa ni kadi ya grafiki, na hapo ndipo watu hupoteza pesa.

Ile 9020 ndogo, ya kulala, ina pawa saplai ya wati 255 isiyo na waya wa ziada wa kadi. Kadi itakula umeme wa sloti peke yake, na sloti hutoa wati 75 tu. Kadi yoyote yenye tundu la pini 6 au 8 isahau. Usidhani utabadilisha pawa saplai kwa ya kawaida pia, maana Dell hutumia plagi zake kwenye ubao, na umbo la saplai yenyewe halilingani. Tafuta GTX 1650 fupi yenye GB 4, au GTX 1050 Ti fupi, ikiwa na bati lake fupi la nyuma. Mara nyingi bati hilo hupotea kwa muuzaji, na bila hilo kadi haikai. Fungua kifuniko kwanza upime, kwa kuwa kadi nyingi za aina hii hula nafasi mbili na kwenye miundo fulani sloti imebanwa na pawa saplai. RX 6400 inavutia kwa sababu inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani njia ambazo kadi hupitishia data kwenye ubao. Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 njia hizo 4 ni nyembamba, na GB 4 za kadi zikijaa, gemu inakwama waziwazi.

Kabla ya kulipa kadi ya mitumba, iwekwe kwenye mashine dukani na ufungue GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijiite 1050 Ti, na GPU-Z hugundua nyingi za namna hiyo na kuziandika waziwazi kuwa bandia. Muuzaji anayekataa kuwasha kadi mbele yako amekujibu.

RAM iwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Vipande viwili hufungua njia mbili za kumbukumbu, na prosesa ya viini vinne inahitaji kila msaada inaoweza kupata. Kisha ndani ya gemu usianze na ubora wa jumla. Anza na ubora wa mavazi ya nyuso, yaani texture, kwa kuwa huo ndio unaojaza kumbukumbu ya kadi: kwa GB 4 uweke chini au kati. Washa FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza; toleo la 1 hadi la 3 hufanya kazi kwenye karibu kadi yoyote. DLSS, mwenzake wa Nvidia, inataka kadi ya RTX, 1650 haimo. Mwisho funga fremu kwenye 30 au 40. Fremu 35 zilizotulia zinachezeka vizuri kuliko zinazoruka kutoka 60 hadi 25.

Gemu kushindwa si mara zote kosa la mashine yako, na hapa ndipo naposisitiza neno "nzima". Konsoli ina kadi ya aina moja, kwa hiyo mtengenezaji hutayarisha sheda zote mapema. Sheda ni vipande vidogo vya programu vinavyoiambia kadi namna ya kupaka mwanga na rangi. Kwenye kompyuta kadi ni za aina mia, na kila kadi na kila draiva hutaka sheda zake zipikwe upya. Mtengenezaji mvivu huziacha zipikwe katikati ya mchezo, ndipo unaona picha ikiganda nusu sekunde kila adui mpya anapotokea. Mwenye bidii huzipika kabla, kwenye menyu.

The Last of Us Part I ilitoka kwenye kompyuta Machi 2023 ikifanya hivyo, lakini kwa uzito wa ajabu. Masharti yake ya chini yalikuwa i7-4770K na RAM ya GB 16, na kwenye prosesa dhaifu kupika sheda kulichukua muda mrefu kupindukia. Kadi za GB 8, ambazo wakati huo zilihesabiwa kuwa nzuri, zilijaa kwa mavazi ya ubora wa juu. Tena Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama umecheza chini ya saa 2, na muda wa kupika sheda unahesabiwa humo. Mtu angeweza kumaliza haki yake ya kurudishiwa pesa akitazama mstari ukijaa kwenye menyu. Masasisho yaliirekebisha baadaye, lakini walionunua siku ya kwanza walilipa bei kamili ya kazi ambayo haijaisha. Ukinunua gemu iliyohamishwa kutoka konsoli, subiri wiki tatu. Na ukishaiweka, sheda ziache ziishe kabla ya kubonyeza kuanza. Ukibadilisha draiva, zitapikwa tena, hilo ni la kawaida.

Mfano wa karibu zaidi na Nairobi ni mpira. FIFA 21 na FIFA 22 za kompyuta zilijengwa juu ya toleo la PS4, huku wenye PS5 wakipewa mchezo mpya kwa jina lilelile. Kompyuta zenye nguvu kuliko PS5 zilikuwa zinacheza gemu ya kizazi kilichopita. FIFA 23 ndiyo iliyosawazisha. Lakini iliingia na ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaokaa ndani kabisa ya Windows, na ulinzi huo haukubali Linux. Hilo lina maana kwa mwenye OptiPlex ya kizazi cha 4: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha 8, na Linux, ambayo kupitia Proton ya Steam (programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux) inaendesha God of War bila shida, haitakupa mpira. Kama EA Sports FC, jina jipya la FIFA, ndiyo unayotaka, usinunue mashine ya chini ya kizazi cha 8.

Kuna kufuli jingine linalonikera kuliko yote. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Orodha rasmi ya nchi za PSN ina Afrika Kusini, Kenya haimo. Watu walipopiga kelele Sony ilirudi nyuma, lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177. Mwaka huohuo Ghost of Tsushima na God of War Ragnarök nazo hazikuuzwa Steam katika nchi zisizo na PSN. Januari 2025 Sony ilitangaza kuifanya akaunti hiyo kuwa ya hiari kwa baadhi ya gemu, Ragnarök ikiwemo. Mkenya mwenye pesa mkononi, ambaye M-Pesa GlobalPay inampa kadi ya Visa ya mtandaoni tangu 2022, alikuwa akikataliwa kulipa. Halafu tunashangaa kwa nini kuna vibanda vinavyojazia watu diski kwa gemu zilizovunjwa, huku mteja akiambiwa azime antivirusi kwanza. Usizime. Na usitumie VPN kununua kwa bei ya nchi nyingine. Steam inaweza kuifunga akaunti pamoja na gemu zote ulizolipia.

Kupakua nako kunahitaji hesabu. GB 70 kwenye faiba ya Mbps 10 ni saa 15 na nusu ikiwa hakuna mwingine nyumbani anayeangalia chochote. Kama mwenzako anayo gemu ileile, nakili folda yake iliyo ndani ya steamapps/common kwenye diski ya nje iliyofomatiwa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 hukataa faili inayozidi GB 4. Iweke mahali palepale kwenye mashine yako kisha ubonyeze install. Steam itakagua faili zilizopo na kupakua zilizopungua tu. Akaunti yako lazima iwe imeinunua, bila shaka.

Konsoli bado inashinda mahali pawili. Diski: PS4 unamaliza gemu, unaipeleka dukani mjini, unaongeza kidogo unatoka na nyingine. Gemu ya Steam haiuzwi tena, ingawa tangu 2024 familia ya hadi watu 6 inaweza kushiriki maktaba. Hata hivyo PS5 Pro inauzwa bila kisoma diski, kwa hiyo faida hiyo inaliwa na wenyewe. Pili ni urahisi wa wawili kukaa mbele ya TV na padi mbili. Kompyuta inaweza hilo pia kwa HDMI. Padi ya PS4 inaunganika kwa bluetooth au waya, na Steam inaitambua. Ya PS5 tumia waya, kwa sababu gemu nyingi hazileti ule ugumu wa vibonyezo vya nyuma bila waya.

Za zamani zisizoletwa na wenyewe zina njia ya programu zinazoiga mashine. PPSSPP ya gemu za PSP inaendeshwa na karibu kompyuta yoyote. PCSX2 ya PS2 inataka prosesa yenye kasi kwenye kiini kimoja, na i5 ya kizazi cha 4 inatosha kwa gemu nyingi. RPCS3 ya PS3 ni habari nyingine: ile Cell ya viini vidogo inahitaji prosesa ya viini 6 au zaidi, hivyo OptiPlex ya viini vinne itahangaika. PCSX2 inadai BIOS, yaani programu ya kuwashia PS2, na iliyo halali ni uliyoitoa kwenye PS2 yako mwenyewe. Diski za PS2 ni DVD au CD za kawaida, na kisoma DVD kilichokuja na OptiPlex kinazisoma. Fungua ImgBurn, chagua kutengeneza faili ya picha kutoka kwenye diski, shusha kasi ya kusoma ikiwa diski ina mikwaruzo, na uihifadhi faili hiyo kwenye diski mbili tofauti.