Rangi ya dhahabu kidoleni

Leo nimeamka saa tisa usiku. Baridi ya San Francisco we acha tu!

Kila Aprili 18 watu hukusanyika Market Street saa 11 na dakika 12 alfajiri, wakati uleule tetemeko la 1906 lilipopiga. Kisha moto, siku tatu. Mabomba ya maji yalishapasuka ardhini, wazimamoto wakabaki na mipira mikavu.

Baadaye tukapanda kilima hadi kwenye bomba la zimamoto lililotoa maji siku zile. Hupakwa rangi ya dhahabu kila mwaka. Bibi mmoja akanipa kopo: nawe pulizia.

Rangi bado iko kidoleni.

Nikamkumbuka mama, baada ya tetemeko la Bukoba 2016, amekumbatia godoro uani, hataki kuingia ndani.

Wa Bukoba, nyie mlilala wapi usiku ule?