Mgonjwa wa presha akilazwa kwa UVIKO, dawa zake zisibaki nyumbani

Mgonjwa anaposhushwa kwenye boti pale Kibirizi akihema kwa shida, tayari kupelekwa Hospitali ya Maweni, ndugu wamebeba vitenge, chupa ya chai na vyombo vya chakula. Mfuko wa dawa za presha umesahaulika kijijini. Nawaomba sana, ndugu zangu wa Kigoma, mfuko huo utangulie, pamoja na kadi ya kliniki. Daktari asipojua mgonjwa alikuwa anameza nini na kwa kiasi gani, anaanza kwa kubahatisha.

Tangu mwaka 2020, takwimu za Wuhan na baadaye za Italia zilionyesha kuwa presha ni miongoni mwa magonjwa yanayokutwa zaidi kwa waliolazwa na UVIKO. Sehemu ya hatari hiyo ni umri, kisukari na figo, ambavyo huandamana na presha. Lakini presha iliyoachwa kwa miaka hunenepesha misuli ya moyo, hukakamaza mishipa na kuchosha figo. UVIKO nao hushusha oksijeni na kufanya damu igande ovyo. Moyo na figo visivyo na akiba hushindwa mapema. Ndiyo maana haitoshi kuandika "ana presha" kwenye faili. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe, mkojo uangaliwe protini, na moyo upimwe kwa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, pale mashine ilipo.

Hofu iliyosumbua wengi ni ya dawa za presha za losartani, kaptoprili na enalaprili. Virusi huingia kwenye seli kupitia kipokezi cha ACE2, kilicho kama mlango kwenye ukuta wa seli, na majaribio ya wanyama yalidokeza kuwa dawa hizo huenda zikakiongeza. Wapo walioziacha wenyewe. Utafiti wa BRACE CORONA nchini Brazil ulichukua wagonjwa 659 waliolazwa kwa UVIKO wakiwa tayari wanatumia dawa za aina hiyo. Wengine wakasimamishiwa kwa siku 30, wengine wakaendelea. Matokeo yaliyotoka 2021 hayakuonyesha faida yoyote ya kusimamisha. Basi usiache dawa kwa kusikia maneno ya sokoni.

Kusimamisha kwa muda kuna sababu zake: namba ya juu ya kipimo cha presha kushuka chini ya 100, kutapika au kuharisha sana, kreatinini kupanda, madini ya potasiamu kuzidi kwenye damu. Hapo hata dawa za kukojoza hungojeshwa. Kosa hufanyika mwishoni, pale mgonjwa anaporuhusiwa bila kuandikiwa siku ya kuanza tena. Ulizeni kabla ya kutoka wodini.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mgonjwa aliyekosa hewa na mwenye hofu, presha yake hupanda kwa muda. Kipimo kikisoma 180, mtu anatoboa kapsuli ya nifedipini, dawa ya kushusha presha, na kuidondoshea chini ya ulimi. Presha inaporomoka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu. Mpeni oksijeni kwanza, atulie dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, asizungumze, kisha pimeni tena. Na mkanda utoshe mkono: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi.

Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini, ikitolewa miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, imeokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni, ila inaweza kupandisha sukari na presha, kwa hiyo vyote vipimwe kila siku. Kwa homa na maumivu, parasetamoli inatosha. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, huumiza figo na kupandisha presha.

Chakula cha kuleta wodini kiangaliwe pia. Mgebuka uliokaushwa kwa chumvi ni mtamu, nasi wa huku chumvi ya Uvinza tumekua nayo, lakini mtu mzima anatakiwa abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Mleteeni mgebuka mbichi wa kuchemsha.

Akisharudi nyumbani, apimwe presha zahanati ndani ya wiki ya kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku: huenda ni damu iliyoganda.