Ziwa walifunga miezi mitatu, dagaa kwangu hawakukata

Nauza dagaa wa Kigoma hapa Tandale, na mwaka 2024 walipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei mpaka 15 Agosti, kuna watu walinihakikishia kabisa kwamba ikifika Julai ntakuwa nauza nyanya. Sikuuza nyanya. Nchi zote nne zenye ziwa zilikubaliana, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapumzike wazaliane, sawa sikatai, ila mama ntilie wangu hawapumziki.

Sasa ushauri niliopewa. Jirani wa kizimba cha pili akanambia, "Dada usijichoshe, chukua mzigo wa miezi mitatu, ziwa likifunguliwa unaagiza mwingine." Kwa mtu asiyejua dagaa hiyo inaingia akilini. Dagaa wa kule wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwaka taa hazina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu wanaziba nyavu. Yaani sisi kila mwezi tuna kakufungwa ketu kadogo, ndo maana ukutani nina ile kalenda ya Kiislamu yenye tarehe zote mbili. Nikaangalia, 15 Agosti inaangukia Mfungo Tano, kama tarehe kumi hivi ya mwezi mwandamo. Nikacheka peke yangu. Ziwa linafunguliwa wakati mbalamwezi ndo inapanda, tarehe 19 mwezi umejaa kabisa! Giza la kueleweka ni mwisho wa Agosti kuingia Septemba, bado hapo waanikwe, wapakiwe, basi litoke Kigoma lifike Mbezi. Wenzangu wote mzigo wao unaishia Agosti, mimi nikaupigia mpaka katikati ya Septemba.

Kiasi nilikitoa kwenye daftari la mauzo, nikapunguza kidogo maana bei ikipanda mtu wa nusu kilo anachukua robo. Hela ilikuwa kama milioni nne na ushee, sikuwa nayo yote kwa mpigo, nikachukua nusu giza la Aprili na nusu lile la mwanzoni mwa Mei. Na yule mama anayenitumia mzigo kutoka Katonga, kule Kigoma, nilimuwahi na advansi mapema, kwa sababu wiki ya mwisho kila mtu anampigia simu na anayesikilizwa ni aliyetanguliza.

Shida yenyewe haikuwa kuagiza, ilikuwa kutunza. Mei Dar ni mvua, hewa imelowa, dagaa aliyefika mkavu anakaa siku chache kwenye kiroba anaanza kulegea, ukizubaa ukungu huo. Kuanika juani haiwezekani, unatandaza turubai wingu linakuja, unakusanya jua linatoka, unatandaza tena. Nilikimbizana na hilo wingu mpaka watoto wa mtaani wakawa wananishangilia.

Ndo nikamkumbuka kaka mmoja nyuma ya kwetu anaoka mikate kwenye tanuri la kuni. Akishatoa mkate wa mwisho lile tanuri linabaki na joto masaa na masaa, bure. Nikamwomba. Akaniangalia kama nimetukana. Nikamwambia ntakupa kilo mbili, akasema tatu, tukamalizana. Tukaacha lipoe mpaka mkono unavumilia ndani, mlango wazi kidogo unyevu utoke, dagaa nimewatandaza kwenye trei zake juu ya makaratasi. Kupima kwangu rahisi, unachukua mmoja unamkunja, akivunjika kah! yuko tayari, akijipinda anarudi ndani. Trei moja tulisahau huko kwenye kona yenye moto, wakawa wanasagika ukiwashika tu, hao nikasaga kabisa nikauza unga wa dagaa kwa akina mama wa uji wa watoto, na uliisha kabla ya dagaa wenyewe. Mikate ya kesho yake nasikia ilikuwa na kaharufu. Kaka aliwaambia wateja eti ni hamira mpya.

Wakipoa, na usifunge wa moto maana utajitengenezea mvuke humo ndani, wanaingia kwenye ndoo za lita ishirini zenye mfuniko wa kubana, mfuniko nauzungushia selotepu, ndoo inakaa juu ya chaga, haigusi sakafu. Nilikuwa nafungua ndoo moja mpaka iishe ndo nagusa nyingine. Jirani yeye alirundika viroba ukutani.

Julai jirani kaanza kuchanganya na dagaa wa Mwanza. Dagaa wa Mwanza sio wabaya, mi mwenyewe nawala, ila uza kwa jina lao. Akaja mzee mmoja wa Kigoma, kachukua kamoja kwenye fungu la jirani, katafuna taratibu, katema, kasema, "Mwanangu, huyu ameogelea ziwa gani lenye mchanga hivi?" Soko zima lilicheka.

Agosti ziwa likafunguliwa, watu wakapiga simu Kigoma, majibu ni mwezi unawaka, subirini. Bei juu. Ndoo zangu bado zipo. Jirani akaja kuchukua kwangu awapoze wateja wake, nikampa bei ya jumla, nikaongeza elfu moja kila kilo. Akauliza hii elfu ya nini dada, nikamwambia ya ushauri.