Ndoo saba kwa mkupuo mmoja

Jumamosi nilichomoa mpira wa kutolea maji machafu kwenye mashine yangu ya kufulia nikauelekeza kwenye ndoo, binti yangu akipokezana nazo. Nafulia watu hapa Bugarika, Mwanza. Ziwa naliona kutoka mlangoni, lakini maji kutupandia huku mlimani si kila siku, na simtanki la lita 1,000 lilikuwa linakauka kabla sijamaliza nguo za wiki. Ndoo ya lita 20 ilijaa mara saba. Kufua kulikula mbili na kidogo tu. Zilizobaki zote ni kusuuza.

Mashine ya mlango wa juu ina shida ya kuzaliwa nayo: pipa limesimama, kwa hiyo nguo lazima zielee ndipo sahani ya chini izigeuze. Ya mlango wa mbele pipa limelala, nguo zinapanda na kudondoka kwenye maji machache. Ukipunguza maji ya hii yangu bila kubadilisha kingine, nguo zinafanya fundo. Nilijaribu. Aproni ya muuza dagaa wa soko la Mwaloni ilitoka na mchanga kwenye mshono wa mfuko, na alama nyeupe za sabuni. Aliniambia, "Dada, hii hujaigusa." Iliniuma, maana niliigusa.

Maji yetu ya ziwa ni laini, povu halikosekani. Kazi ni kulitoa. Hebu piga hesabu. Nguo zikibaki na lita 8 za maji ya sabuni, ukiongeza 32, sabuni inabaki moja ya tano. Zikamue sawasawa mpaka zibaki na lita 4, ongeza 16 tu: ni moja ya tano ile ile, kwa nusu ya maji! Mashine yangu inakamua kidogo mno kabla ya kusuuza. Wanaozitengeneza wangeanzia hapo, kisha waweke pampu ya kuyavuta maji ya chini na kuyamwaga juu kama bafu, hata nguo zisizoelea zilowe. Zipo zenye pampu hiyo. Ningependa pia tundu la pili, la maji ya mwisho, kwa sababu ndoo ya saba ilikuwa karibu safi.

Kwa sasa naisimamisha mwenyewe, nazungusha kitufe kwenye kukamua, ndipo naruhusu isuuze, kipimo cha maji nimekishusha. Leo zimetoka ndoo tano. Ya mwisho iko kwenye beseni, nimeloweka aproni za kesho.