Waliwaacha Huru, Kisha Wakageuka

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Yeremia 34 imenielemea. Mnaikumbuka sura hiyo: Wababeli wanaizingira Yerusalemu, Mfalme Sedekia anafanya agano na watu kwamba kila mtu amwache huru mtumwa wake Mwebrania. Wakatii. Jeshi lilipoondoka kwa muda wakageuka, wakawarudisha utumwani wale wale waliowaachia.

Nikiisoma nawaona Wamethodisti wa Marekani. Walipounda kanisa lao Baltimore, Krismasi ya 1784, waliandika kanuni ambayo hata leo inatia haya. Mshirika mwenye watumwa alipewa miezi 12 aandike hati ya kisheria ya kuwaachia, isajiliwe mahakamani. Mtumwa wa miaka 40 hadi 45 aachiwe mara moja, au akifika 45 asipite hapo. Wa 25 hadi 40, ndani ya miaka 5. Wa 20 hadi 25, kabla ya kutimiza 30. Aliye chini ya 20, asivuke 25. Mtoto atakayezaliwa baada ya hati, huru tangu siku anayozaliwa. Asiyetaka aondoke kwa amani. Akikaidi atengwe. Aliyeondoka na aliyetengwa, wote Meza ya Bwana wasiikaribie.

Askofu Thomas Coke akaenda Virginia kuihubiri. Mama mmoja akawaahidi watu paundi 50 wakimchapa mhubiri huyo viboko 100. Kufika Juni 1785, miezi sita hivi tu, mkutano ukashauri utekelezaji usimamishwe hadi mkutano wa baadaye utakapojadili. Kumbukumbu zikaongeza kwamba utumwa bado wanauchukia sana.

Hapo ndipo niliposimama, wapendwa. Hakuna aliyesimama kuutetea utumwa kwenye karatasi ile. Chuki ya dhambi waliibakiza, tarehe wakaiondoa. Na sisi tunaijua njia hiyo! Tunakiri kwa machozi Jumapili, tunaunda kamati Jumatatu. Toba isiyo na tarehe shetani haihofii hata kidogo. Ataiimba pamoja nasi. Zakayo alitaja kiasi hapo hapo: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ndugu, taja kiasi. Taja siku. Usimwachie mwenzako wa kikao kijacho dhambi ambayo Roho amekuonyesha wewe leo.

Maana iliyoahirishwa haikulala. Mwaka 1808 Mkutano Mkuu uliidhinisha nakala 1,000 za kitabu cha kanuni zichapwe kwa ajili ya South Carolina, jimbo la Kusini mwa Marekani, sehemu ya utumwa ikiwa imeondolewa. Kufika 1844 askofu mwenyewe, James Andrew wa Georgia, alikuwa na watumwa, wengine kwa njia ya mke aliyemwoa mwaka huo. Watetezi wake wakasema sheria ya Georgia haimruhusu kuwaachia. (Sheria hiyo ilitungwa na nani, kama si majirani waliokaa nao kanisani?) Mkutano ukamtaka asimame kazi ya uaskofu hadi kizuizi hicho, yaani kuwa na watumwa, kiondoke, na mwaka uliofuata Wamethodisti wa majimbo ya Kusini wakaanzisha kanisa lao. Wabaptisti wakagawanyika mwaka huo huo wa 1845.

Wanasiasa walikuwa wakitazama. Machi 1850 John Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, akiwa mgonjwa hata hotuba yake ikasomwa na mwingine, aliliambia Baraza la Seneti kwamba kamba zinazoifunga nchi zinakatika moja baada ya nyingine, na ya kwanza kukatika ilikuwa Kanisa la Methodisti. Miaka 11 baadaye bunduki zikalia, Kaskazini na Kusini wakapigana vita.

Sasa niseme na sisi, na asiyetaka kuchomwa anisamehe. Wapo wazee wa kanisa wanaosali vizuri na binti wa kazi nyumbani kwao hajalipwa mwezi wa tatu. Kitambulisho chake kimefungiwa kabatini, simu anapewa Jumapili, ibada hahudhurii kwa sababu nani atapika? Ukiuliza unaambiwa hali ni ngumu, tutaliangalia. Mama, baba, tutaliangalia lini? Kitambulisho arudishiwe leo usiku. Deni liandikwe, miezi na shilingi, asomewe mwenyewe. Mwezi mmoja alipwe kabla ya ibada ijayo, na iliyobaki ipewe tarehe mbele ya shahidi.